Malengelenge ya Dawa Uliyoizoea

Mgonjwa mwenye malengelenge akifika kituo cha afya hapa Uganda, iwe Arua, Bombo au Busia, swali la kwanza huwa lile lile: "Mzee, umemeza dawa gani mpya wiki hii?" Mzee anafikiri kidogo, kisha anatikisa kichwa. "Hakuna, musawo (daktari). Ni hizi zangu za sukari na za presha tu, nimezizoea." Hapo dawa zinaacha kushukiwa, na msako unahamia kwenye sabuni, mdudu, chakula cha arusini, au jirani mwenye kijicho.

Swali hilo lina historia yake. Kwa miaka mingi dawa zilizoogopwa Uganda kwa kuharibu ngozi zilijulikana kwa majina: Septrin, na nevirapini iliyotumika kutibu VVU kabla nchi haijaanza kuhamia dolutegraviri mwaka 2018. Dawa hizo zikimkataa mtu, humkataa upesi. Ugonjwa wa Stevens-Johnson, ule ambao ngozi hufa na kubanduka huku macho na mdomo vikichubuka, kwa kawaida huanza kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa ianze kutumika. Wahudumu wetu wa afya wamezoea kuhesabu wiki, na kwa ugonjwa huo hesabu yao ni sahihi kabisa.

Lipo lakini kundi jingine la magonjwa ya malengelenge ambalo hesabu ya wiki mara nyingi hailifai. Humo, dawa haiui ngozi. Inauchokoza mwili mpaka uanze kutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu, dhidi ya ngozi yake wenyewe. Uchokozi huo unaweza kuchukua miezi, hata zaidi ya mwaka, na unaweza kutoka kwa kidonge ambacho mgonjwa anakiamini kuliko vyote. Ugonjwa nao ukijitokeza, mara nyingi haufanani na picha ya kitabuni. Ndiyo maana mtu anaweza kupita vituo vitatu au vinne, akapakwa dawa ya upele (skabi) hapa na dawa ya fangasi pale, bila yeyote kukitazama kidonge anachomeza kila asubuhi.

Mshono gani umeachia?

Chukua koti lenye bitana. Kitambaa cha nje kimefumwa kwa nyuzi zake, kisha kimeshonwa kwenye bitana kwa mshono mwingine. Ngozi nayo ina viungo vya namna mbili. Seli za tabaka la juu hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa msaada wa protini zinazoitwa desmogleini. Halafu tabaka lote hilo la juu limeshikizwa kwenye tabaka la chini kwa protini nyingine, na zinazotuhusu zaidi hapa ni mbili: BP180 na BP230.

Kingamwili zikishambulia desmogleini, ni kitambaa chenyewe kinachofumuka. Hiyo ndiyo pemfigasi. Lengelenge lake ni jembamba na legelege, hupasuka upesi, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kufika hospitali akiwa na vidonda na magamba tu, bila lengelenge hata moja la kuonyesha. Mara nyingi vidonda hutangulia mdomoni. Zikishambulia BP180 na BP230, ni bitana inayoachia: tabaka zima la juu linainuka kwa pamoja. Hiyo ni pemfigoidi. Lengelenge lake lina paa nene, limekaza kwa maji, na linaweza kukaa siku kadhaa kabla ya kupasuka. Wa tatu ni ugonjwa wa mstari wa IgA. Huo nao huachanisha bitana, ila kwa kingamwili za aina ya IgA, ilhali pemfigoidi kwa kawaida hutumia IgG.

Wagonjwa wa mishono hii tofauti walichanganywa chini ya jina moja la pemfigasi hadi mwaka 1953, Walter Lever alipoonyesha nchini Marekani kwamba pemfigoidi ni ugonjwa wa peke yake. Mwaka 1964 Ernst Beutner na Robert Jordon wakazigundua kingamwili zenyewe katika damu ya wagonjwa wa pemfigasi. Haikuwa kazi ya kupanga majina tu. Pemfigasi isiyotibiwa iliua wagonjwa walio wengi, na mpaka leo matibabu yake ni mazito kuliko ya pemfigoidi.

Kila dawa na muda wake

Kwa upande wa pemfigasi, mshukiwa wa kihistoria ni penisilamini, dawa inayotumika kwa ugonjwa wa Wilson, ule wa shaba kurundikana mwilini, na zamani ikitumika sana kwa baridi yabisi. Anayeifuata ni kaptoprili, dawa ya presha ambayo wazee wengi wanaijua. Zote mbili zina kipande cha kikemikali chenye salfa, kinachoitwa thioli, ambacho kinaweza kulegeza mshikamano wa seli hata kabla kingamwili hazijaingia kazini. Rifampisini na dawa za jamii ya penisilini nazo zimetajwa kwenye ripoti za wagonjwa, ingawa kwa uchache. Muda wa kungoja unaweza kuwa miezi.

Ugonjwa wa mstari wa IgA unakwenda kinyume. Dawa inayoongoza kuuchochea ni vankomaisini, ambayo hutolewa kwa dripu hospitalini kwa maambukizi makali, na malengelenge hutokea ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Hapa hesabu ya wiki inafanya kazi. Tatizo lake ni sura: ukichochewa na dawa, unaweza kubandua ngozi ukafanana kabisa na aina kali ya Stevens-Johnson, na kwa macho peke yake hata daktari bingwa anaweza kushindwa kuitofautisha miwili hiyo. Ukiwa na sura yake ya kawaida, malengelenge madogo hujipanga kwa duara kuzunguka doa.

Pemfigoidi ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu dawa zake zimo majumbani mwetu. Moja ni furosemidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, kidonge cha kupunguza maji mwilini kwa wenye moyo kushindwa kazi na miguu kuvimba. Kundi jingine ni la dawa za kisukari ambazo majina yake ya kitaalamu huishia na gliptin: vildagliptini, linagliptini, sitagliptini. Katika vituo vya serikali mgonjwa wa kisukari kwa kawaida huanzishiwa metformini, lakini gliptini zipo kwenye famasia za binafsi za Kampala na miji mingine. Zina wanunuzi, kwa sababu hazishushi sukari kupita kiasi na hazimnenepeshi mtu. Mara nyingine huwa zimechanganywa na metformini ndani ya kidonge kimoja, na mgonjwa hujibu kwa dhati kabisa kwamba anameza metformini tu.

Uhusiano wa gliptini na pemfigoidi si uvumi wa vijiweni. Takwimu za Finland, Ufaransa, Israel, Japani na Korea Kusini zote zimeelekea upande mmoja, na vildagliptini mara nyingi hutoka ikiwa na uzito mkubwa kuliko wenzake. Utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta uwezekano wa pemfigoidi ukiwa karibu mara 10 kwa watumiaji wa vildagliptini. Mara 10 ya kitu adimu bado ni kitu adimu, na wengi wanaomeza gliptini hawatapata lengelenge hata moja. Ila kwa huyo mmoja anayelipata, kinachopotosha ni muda. Kati ya kidonge cha kwanza na lengelenge la kwanza inaweza kupita miezi kadhaa, au mwaka na zaidi. Hakuna mzee atakayekiita kidonge cha mwaka jana dawa mpya.

Kwa nini dawa ya sukari iguse mshono wa ngozi? Kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemikali mwilini) ambacho gliptini hukizuia, DPP-4, hakipo kwenye utumbo peke yake. Kipo pia juu ya seli za ngozi na juu ya seli za kinga. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba kukizuia kunabadilisha namna BP180 inavyokatwa-katwa katika mzunguko wake wa kawaida, hivyo sehemu za protini hiyo ambazo kinga haikuwa imezizoea zinawekwa wazi. Kinga inaziona kama mgeni. Bado hilo ni dhana, lakini linalingana na jambo lililoonekana Japani: baadhi ya wagonjwa wa gliptini wana kingamwili zinazolenga sehemu ya BP180 iliyo tofauti na ile inayolengwa katika pemfigoidi ya kawaida. Matokeo yake ni kwamba kipimo cha damu kilichotengenezwa kutafuta sehemu ya kawaida kinaweza kusema hakuna kitu, wakati ugonjwa upo. Vinasaba navyo vina mkono, kwani huko huko Japani aina moja ya jeni za kinga ilionekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa hao.

Dawa mpya za saratani zinazoondoa breki za kinga, kama nivolumabu na pembrolizumabu, nazo huleta pemfigoidi kwa njia ya wazi zaidi: breki ikitolewa, kinga hushambulia uvimbe na ngozi pia. Kwa bei yake, ni Waganda wachache wanaozipata.

Ugonjwa wa malengelenge usio na malengelenge

Pemfigoidi ya kitabuni ni mzee wa miaka zaidi ya 70 mwenye malengelenge makubwa yaliyokaza kwenye tumbo, mapaja na mikono, na muwasho usiomwacha alale. Lakini kabla ya malengelenge hayo hutangulia kipindi cha wiki au miezi ambacho kuna muwasho peke yake, pengine na vipele, mabaka yaliyovimba kama ya mzio, au ngozi iliyokauka na kukwaruzika. Wapo wazee ambao hubaki hapo hapo, lengelenge halitokei kabisa.

Sasa mweke mzee huyo katika nyumba ya Uganda. Mzee anayejikuna usiku kucha atapewa dawa ya upele, na kwa haki, kwa sababu upele ni mwingi mno kwetu. Zaidi ya hapo, upele wenyewe unaweza mara chache kuleta malengelenge yanayofanana na pemfigoidi, hata chini ya hadubini. Kwa hiyo kumtibu upele kwanza si kosa. Linalokera ni kumrudishia dawa ile ile mara ya tatu na ya nne, hali hakuna mwingine nyumbani anayejikuna.

Sura nyingine ngeni ni malengelenge madogo madogo kwenye viganja na nyayo tu, yanayodhaniwa kuwa fangasi au mzio wa sabuni. Nyingine ni malengelenge yanayobaki kwenye muundi wa mguu mmoja, yakafikiriwa kuwa ni jeraha la moto. Nyingine ni vinundu vigumu vinavyowasha, visivyo na maji. Kuna pia ile ambayo gliptini hupenda kuileta kwa baadhi ya wagonjwa: malengelenge yaliyokaa juu ya ngozi isiyo na uvimbe wala wekundu, kana kwamba yamewekwa pale.

Hilo neno wekundu lenyewe linahitaji tahadhari. Vitabu vingi vya ngozi viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu uvimbe hujitokeza kama weusi uliozidi, rangi ya zambarau au kijivu, au joto tu linalosikika kwa kiganja. Mhudumu anayengoja kuona wekundu atangoja mpaka lengelenge lipasuke, na likipona litaacha doa jeusi au jeupe linaloweza kukaa miezi.

Kisha kuna magonjwa mengine ya mazingira yetu yanayofanana na haya. Tangu mpox ilipothibitishwa Uganda mwaka 2024, mtu yeyote mwenye malengelenge hutazamwa kwa hofu. Ila vipele vya mpox ni vigumu, vimezama ndani, mara nyingi vina kishimo katikati, na mwenyewe huwa na homa na tezi zilizovimba. Mdudu wa nairobi flai huunguza kwa mstari, na pale ngozi inapokunjana huacha alama mbili zinazotazamana. Mkanda wa jeshi hushika upande mmoja wa mwili na huuma kuliko kuwasha. Septrin ina tabia yake nyingine inayojulikana sana, ya kuacha doa jeusi, wakati mwingine lenye lengelenge juu, ambalo hurudi mahali pale pale kila dawa inapomezwa tena. Hilo ni tendo la seli za kinga, wala halihusiani na kingamwili dhidi ya ngozi.

Kipande kinachokatwa pembeni

Jibu la uhakika hutoka maabara, na hapa kuna jambo ambalo mgonjwa mwenyewe akilijua anaweza kujiokolea wiki nzima. Vinahitajika vipande viwili vya ngozi. Kimoja hukatwa ukingoni mwa lengelenge jipya na kutiwa kwenye fomalini, dawa ya maji ya kuhifadhia, ili mtaalamu aone kwa hadubini ni tabaka gani limeachana. Cha pili hukatwa kwenye ngozi iliyo karibu na lengelenge lakini haijaharibika, na hiki hakiruhusiwi kuguswa na fomalini, kwa maana fomalini huharibu uwezo wa kuziona kingamwili. Huwekwa kwenye maji maalumu ya kusafirishia, au yakikosekana, kwenye maji ya chumvi ya kawaida ya hospitali kwa muda usiozidi saa 24 hivi.

Kipande hicho cha pili hupakwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu. IgG na C3 (protini nyingine ya kinga, ya kundi la kijalizo) zikionekana kama mstari mmoja mnyoofu kati ya tabaka mbili, ni pemfigoidi. Mstari ukiwa wa IgA, ni ule ugonjwa wa vankomaisini. Mng'ao ukizizunguka seli moja moja kama wavu, ni pemfigasi. Katika Stevens-Johnson hakuna mstari wala wavu, na hapo ndipo magonjwa mawili yaliyokuwa na sura moja huachana.

Kwa hospitali nyingi za wilaya kipimo hicho hakipo. Inabidi rufaa, na madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache, wakiwa wamekusanyika zaidi Mulago, Mbarara na hospitali za binafsi za Kampala. Maabara isipofikika, kinachobaki ni historia ya dawa iliyochukuliwa kwa makini. Naona hiyo ndiyo silaha tunayoidharau kuliko zote, maana haihitaji mashine. Mwambie mgonjwa alete mfuko mzima wa dawa: za hospitali, za famasia, sindano alizochomwa, mizizi na majani ya kuchemsha, hata kilichotumwa na mtoto aliye Nairobi. Halafu kila kimoja kiulizwe kilianza mwezi gani, badala ya kuuliza kama ni kipya.

Kuacha dawa, na kisha

Dawa inayoshukiwa huondolewa, lakini mgonjwa asiiondoe mwenyewe usiku mmoja. Mwenye moyo dhaifu akiacha furosemidi kwa hofu ya malengelenge anaweza kujaa maji mapafuni. Daktari ndiye abadilishe: gliptini ina mbadala nyingi, furosemidi inahitaji kufikiriwa zaidi. Baada ya kuondolewa, wapo wanaopona na kubaki salama, hasa wa vankomaisini, ambao wengi husafika ndani ya wiki chache. Wapo pia ambao dawa ilikuwa imewasha moto tu. Imeondoka na ugonjwa umebaki, ukaendelea kama pemfigoidi ya kawaida. Kumrudishia mtu dawa hiyo ili kuhakikisha ni hatari isiyo na faida.

Prednisoloni, vidonge vya steroidi vinavyotuliza kinga, huzima malengelenge haraka, lakini hupandisha sukari. Mgonjwa wetu wa gliptini ana kisukari tayari, na tumeshamwondolea dawa yake moja. Isitoshe, katika nchi hii kabla ya kumpa mtu prednisoloni kwa wiki nyingi ni lazima kufikiria kifua kikuu kilicholala, na minyoo ya strongiloidi inayoweza kuvamia mwili mzima kinga ikishushwa; aivamektini ya mapema huizuia. Ndiyo sababu krimu ya klobetasoli, steroidi kali ya kupaka, ya asilimia 0.05, inayopakwa mwili mzima kwa gramu 30 hadi 40 kwa siku, ilipokewa vizuri baada ya utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2002 kuonyesha kwamba kwa wagonjwa wenye pemfigoidi kali ilikuwa salama kuliko vidonge. Gramu hizo ni zaidi ya tyubu moja kila siku, na jamaa wa kumpaka mzee lazima awepo. Tyubu hizo hizo, kwa kejeli ya maisha, ndizo zinazouzwa kiholela kwa wanaojichubua.

Njia ya tatu ni ya bei nafuu. Utafiti wa Uingereza na Ujerumani uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha doksisaiklini, antibayotiki ya kawaida, miligramu 200 kwa siku, na prednisoloni. Baada ya wiki 6, malengelenge yalikuwa yamedhibitiwa kwa asilimia 74 ya waliopewa doksisaiklini, dhidi ya asilimia 91 ya wenzao. Lakini ndani ya mwaka mmoja, madhara makubwa yaliwapata asilimia 18 upande wa kwanza na asilimia 36 upande wa pili. Kwa mzee wa kisukari anayeishi mbali na hospitali, mimi ningeipa doksisaiklini nafasi ya kwanza kujadiliwa na daktari wake. Dapsoni, inayosaidia katika ugonjwa wa IgA, inataka kwanza kipimo cha G6PD, kwa kuwa upungufu wa kimeng'enya hicho ni wa kawaida katika nchi za malaria na damu inaweza kuvunjika.

Lililobaki ni taarifa. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, hupokea ripoti za madhara kutoka kwa wahudumu na pia kwa wagonjwa wenyewe, na ripoti hizo huingia katika hazina ya dunia inayosimamiwa na kituo cha Uppsala, Sweden. Ripoti za dawa iliyomezwa mwaka mzima kabla ya lengelenge hupotea kirahisi, kwa sababu anayejaza fomu hudhani muda ni mrefu mno. Ajaze tu, aandike na tarehe. Na katika lile daftari la shule ambalo mgonjwa hutembea nalo kliniki, liandikwe kwa wino jina la kitaalamu la dawa iliyomdhuru, si la biashara, kwa sababu mwakani famasia itampa ile ile ndani ya pakiti ya rangi nyingine.